Nani Atakwenda Kumwona Mgonjwa

Tata mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijaanza ubishi wangu, niambie goti linaendeleaje, na kama Mama bado anakukataza kupanda kile kilima cha kanisani kwa miguu. Mvua mmeshapata? Dada Adventina alinieleza kwamba kahawa ya upande wa chini wa kibanja imezaa vizuri, na kwamba unakwenda kuikagua hata siku ambazo hakuna cha kukagua. Nimefurahi kusikia hivyo. Mimi mwili ni mzima. Joto la mji huu wa jangwani linachosha, lakini nimeshalizoea.

Sasa tuje kwenye simu yako ya Jumapili. Ulisema, "Mwana wange, waandikie hicho wanachotaka, kazi iendelee. Mambo ya wakubwa wa huko yanatuhusu nini?" Halafu simu ikakatika. Sikupiga tena kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtoto hamjibu baba yake kwa hasira. Kwenye karatasi naweza.

Najua kazi yangu inakushangaza, wewe uliyeendesha lori la kahawa kati ya Muleba na Bukoba tangu kabla sijazaliwa. Mimi huku nakaa kwenye kiti cha dereva bila kuendesha. Teksi inajiendesha yenyewe, usukani unazunguka wenyewe, nami naweka mikono magotini na kutazama. Ikikosea, nakanyaga breki. Nilipokusimulia mara ya kwanza ulicheka mpaka Mama akaja kuuliza kuna nini. Na nikuambie kweli, gari hili linaendesha vizuri kuliko madereva wengi tunaowajua. Halinywi rubisi, halishindani na mtu kwenye kona, halisimami katikati ya barabara kusalimiana na mashemeji. Sina ugomvi nalo.

Siku ya ajali tulikuwa tunakata kona kuingia barabara kubwa. Bwana mmoja wa Nepal, anayepeleka vyakula kwa pikipiki, alikuwa anapita upande wa kulia. Gari halikumwona. Mimi nilimwona nikakanyaga breki, lakini lilikuwa limeshamgusa, na pikipiki ikamwangukia mguuni. Mguu ulivunjika. Anaitwa Suraj. Nilikaa naye pale chini kwenye lami mpaka gari la wagonjwa likafika.

Kesho yake nilifanya ambalo mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nilinunua ndizi mbivu na maziwa, nikamwomba yule Mganda ninayeishi naye chumba kimoja anisindikize, maana haifai kwenda peke yako, tukaenda hospitali kumpa pole. Suraj hajui Kiswahili nami sijui Kinepali, tukasaidiana kwa Kiingereza kibovu. Alikula ndizi moja mbele yetu. Nilirudi nikiwa na amani kidogo.

Msimamizi wangu aliponiita ofisini alikuwa ameshapata habari.

"Kwa nini ulikwenda?" akauliza. "Mtu asiye na kosa haendi."

Nikamwambia kwetu asiyekwenda ndiye anayejulikana kuwa na kosa. Alinitazama kama ninamdanganya. Akasema kwenda kwangu hospitali ni kukiri, basi nimalizie: niandike kwamba siku ile nilikuwa nimesinzia. Nikiandika hivyo, watanihamishia kazi nyingine kwa mshahara uleule, na gari litabaki halina doa. Sikusinzia, Tata. Na hicho ndicho unachoniambia niandike.

Nani alinifundisha kwenda? Kumbuka yule baba wa Ngenge aliyetokea gizani na baiskeli yake ya ndizi, ukamkwepa lakini ukamgonga bega. Polisi walipima, wakasema huna kosa. Mama akashukuru Mungu, akadhani yamekwisha. Wewe ukavaa kanzu, ukachukua mkungu wa ndizi na kibuyu cha rubisi, ukamwita baba mdogo na kunichukua na mimi, tukaenda mpaka kwake. Ulisema, "Polisi wamemaliza la kwao. La kwetu bado." Yule mzee alituwekea kahawa ya kutafuna, tukakaa mpaka jioni. Hakuna aliyesema umekiri kitu. Leo wewe huyohuyo unaniambia niwe bubu na mwongo kwa pamoja?

Kuna jambo jingine ambalo sikukuambia kwenye simu. Serikali ya huku inatunga kanuni mpya za usafiri ili magari haya yaruhusiwe kutembea matupu, hata mtu kama mimi asikae ndani. Waliita mkutano wa wazi kupokea maoni. Kampuni ilikuwa imenichagua mimi nikasifu gari. Baada ya hospitali wakaniambia nibaki nyumbani. Nilikwenda kwa nauli yangu.

Nilipopewa nafasi nilisimama nikauliza: gari tupu likimvunja mtu mguu, nani atakwenda kumwona? Watu wa mbele wakacheka. Mama mmoja mwenye shela, aliyekuwa anaongoza meza, hakucheka. Akaniambia kampuni ina bima.

"Bima italipa," nikasema. "Haitamwambia mgonjwa pole, wala haitamweleza mkewe kilichotokea."

"Unataka sheria iseme nini?"

Nikamwambia iseme kila gari lisilo na dereva liwe na mtu mwenye jina, anayeishi mji huohuo, anayeitwa ajali ikitokea na lazima afike. Huyo ndiye ajibu mbele ya polisi na mbele ya ndugu za aliyeumia. Asiwe kibarua wa kusingiziwa usingizi, awe bosi. Yule mama akaandika. Kama atayatumia maneno yangu sijui, wala simdai jibu. Wenzangu wa kazini, walionisihi ninyamaze, walinisindikiza mpaka nje, na mmoja akanishika mkono.

Magari haya yatafika na huko, Tata. Usicheke. Yataletwa pamoja na sheria zake zilizokwisha kuandikwa, na viongozi wetu wataambiwa watie sahihi haraka wasionekane washamba. Wewe hukosi mkutano wa kata, na diwani anakusikiliza. Mwulize mapema. Mkisubiri mpaka mtu alale chini pale Buhembe, mtapewa namba ya simu ya kupiga, na itapokelewa na mashine.

Jana nimewajibu kampuni. Sikuandika nilichoambiwa. Nimeandika kilichotokea, na kwamba nitaendelea kwenda kumwona Suraj mpaka atembee. Watanifukuza, nadhani kabla barua hii haijafika.

Nisalimie Mama, mwambie nakula. Salamu kwa Dada Adventina na shemeji, kwa baba mdogo tuliyekwenda naye Ngenge, na kwa mdogo wangu Deusdedit anayejifunza udereva; asiache.

Nikirudi Nshambya mikono mitupu, watu watakuuliza. Usiwaambie mwanao alifukuzwa kwa sababu ya ajali. Waambie alikwenda kumwona mgonjwa, na useme ni wewe uliyemtuma.

Mwanao,
Projestus