Veikka na Linux Yake Fainalini

Shoga, ndiyo kwanza natoka ukumbini Tampere. Bado siamini.

Unamjua Veikka, nahodha wa timu yetu ya michezo ya kompyuta. Tangu atupe Windows kwenye kompyuta yake akaweka Linux, mfumo endeshi wa bure, mwezi mzima ni kutusimanga tu. "Nyie endeleeni kufugwa na Windows." Haya.

Leo fainali. Akakaa kwa madaha, akafungua mchezo kwenye kompyuta yake. Ukamtoa. Akafungua tena. Ukamtoa! Maandishi mekundu kwenye skrini kubwa, watu wote wanasoma: mfumo huu haukubaliki, mchezaji anashukiwa kudanganya.

Kudanganya! Kumbe ulinzi wa mchezo hauitambui Linux. Ukumbi ukazomea.

Sirkku, mwenzetu wa timu, akamuuliza, "We Veikka, hukuujaribu nyumbani hata mara moja?"

"Michezo mingine yote inachezeka vizuri."

Michezo mingine yote! Nilitaka kumzaba kibao.

Refa akatupa dakika kumi, akamletea kompyuta ya akiba yenye Windows. Bwana mkubwa akaisukuma kando. "Siigusi takataka hiyo." Akabaki anaandika amri zake, jasho linamtiririka, mpaka muda ukaisha.

Tumetolewa bila kucheza. Sirkku amelia kwa hasira. Veikka anasema waandaaji ndio wajinga.

Tumemvua unahodha palepale mlangoni. Unajua kajibu nini? Kanitumia maelekezo ya kuweka Linux.