Bendera ya Bw. Ezekia na Nyumba Iitwayo Msibani

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA BARABARA, ALAMA NA HADHI YA MTAA WA BUSTANINI, KATA YA KIHESA, IRINGA

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni 2025
Mahali: Barazani kwa Mwenyekiti, kwenye Mkaratusi

Waliohudhuria: Mzee Liberatus (Mwenyekiti), Bi. Waridi Matano (Katibu), Bw. Ezekia, Bw. Shedrack, Bw. Fanueli, Bi. Severina.

Hakuhudhuria: Bi. Devotha, mjumbe mpya. Alipiga simu akisema amezunguka mtaa mzima na mkaratusi hauoni. Alielezwa kwamba mkaratusi ulikatwa kabla hajahamia. Alikata simu.

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa nane mchana. Alieleza kwamba mtaa wenye hadhi hutambulika kwa barabara zake, alama zake na balozi zake, na kwamba fundi wa bango la ramani amekwisha kuchanganya rangi na hataki kurudi tena wiki ijayo. Ndiyo maana kikao kiliitwa kwa dharura.

KUMB. NA. 2/2025: ALAMA ZA KUCHORWA KWENYE BANGO

Bw. Shedrack aliwasilisha alama nne zinazotumika na wakazi: Mkaratusi, Kwa Mbwa Mkali, Ubalozini na Msibani.

Mkaratusi ulipita bila kupingwa. Kuhusu Kwa Mbwa Mkali, Katibu alikumbusha kwamba mbwa huyo alikufa na aliyepo sasa ni mjukuu wake, mpole. Mwenyekiti alijibu kwamba ukali ni wa nyumba. Alama ilipita.

Ubalozini ni kwa Bw. Ezekia. Mpangaji wake wa zamani, mtaalamu wa viazi kutoka ng'ambo, alipoondoka aliacha bendera ya kwao ikiwa juu ya mlingoti. Wajumbe hawajawahi kukubaliana ni ya nchi gani. Bw. Ezekia alitoa taarifa kwamba mwezi huu amepokea watu wawili wenye picha za pasipoti, amewapa chai na kuwaambia warudi Jumatatu. Wajumbe walimpongeza. Alama ilipita.

Msibani ilipingwa na Bi. Severina, mwenye nyumba.

KUMB. NA. 3/2025: MAELEZO YA BI. SEVERINA

Bi. Severina alieleza kwamba mume wake alifariki miaka minne iliyopita, turubai lilirudishwa parokiani na matanga yaliisha, lakini mpaka leo mtu akielekezwa kwake anaambiwa ashuke msibani.

Alieleza kwamba mwezi uliopita washenga walitoka Iyunga, Mbeya, kuja kumposa binti yake Anjela. Walipofika stendi waliuliza njia, wakaelekezwa msibani. Waliingia wameinamisha vichwa, wanawake wakakaa chini na kulia. Mzee Gwakisa, kiongozi wao, alitoa maneno ya faraja, wakaacha gunia la mchele wa Kyela na kurudi Mbeya bila kutaja posa, kwa kuwa kwao haifai kuposa penye kilio.

Katibu aliuliza kwa nini hakuwasahihisha. Bi. Severina alijibu: "Nilidhani wamechelewa kusikia habari za baba Anjela. Na mimi nikalia. Anjela alikuwa jikoni na sinia la soda, kavaa gauni jipya, akatusikiliza mpaka tukamaliza."

Bw. Fanueli alitaka kujua mchele ulikwenda wapi.

"Tumekula, Fanueli. Na wewe ulikula, ukaomba ukoko."

Bw. Fanueli aliomba swali lake lifutwe kwenye kumbukumbu.

Bi. Severina alimalizia kwamba washenga wanarudi leo jioni. "Wakija kulia tena mara ya pili, hawatarudi. Kijana wao ataoa kwingine, na mwanangu atazeekea humo jikoni."

KUMB. NA. 4/2025: KUBADILI JINA LA NYUMBA

Bw. Shedrack alipendekeza "Kwa Mama Anjela". Ilionekana kwamba mtaani wapo mama Anjela wanne.

Bw. Fanueli alipendekeza bendera ihamishiwe kwa Bi. Severina ili washenga waelekezwe Ubalozini. Bw. Ezekia alipinga, akisema: "Ubalozi hauhamishwi kama banda la chipsi. Na wale watu wangu wa Jumatatu?"

Mwenyekiti alisema: "Kaka Ezekia, tunaazima mpaka kesho. Posa ikipita, nchi yako inarudi."

Baada ya mabishano marefu, ambayo Mwenyekiti aliagiza yasiandikwe, Bw. Ezekia alikubali kwa sharti kwamba bendera isianikwe pamoja na nguo. Bw. Shedrack aliipeleka na kuifunga juu ya bomba la antena.

KUMB. NA. 5/2025: SIMU

Wajumbe wakiendelea na kikao, Mzee Gwakisa alimpigia Mwenyekiti kutoka stendi. Mwenyekiti alimwelekeza Ubalozini. Dereva wa bajaji alisikika akisema Ubalozini ni kwa Ezekia, anapafahamu. Mwenyekiti alisema si huko. Alitaja mkaratusi, kisha mbwa. Dereva aliuliza ni yule mbwa aliyekufa?

Ndipo Mwenyekiti aliposema: "Sikiliza, dogo. Msibani unapajua? Ehe. Hapo hapo."

Bi. Severina alisimama, akachukua mtandio wake na kuondoka.

Mwenyekiti aliomba radhi kwa kiti kilichobaki wazi. Iliazimiwa kwamba wajumbe wote wamfuate, kila mmoja na kiti chake, wakakae nje ya nyumba na kucheka kwa sauti, ili wageni waone hapana msiba.

KUMB. NA. 6/2025: UTEKELEZAJI NA KUFUNGA KIKAO

Wajumbe walikaa mbele ya nyumba, wamejitanda mablanketi kwa sababu ya baridi. Hakuna aliyeweza kuanza kucheka.

Bajaji zilifika. Wageni waliona watu wamekaa nje kwa mstari, kimya, wamejifunika, na bendera haipepei. Mzee Gwakisa alivua kofia. Wanawake walianza kujifunga khanga viunoni, na mmoja alitoa leso.

Bi. Severina alitokea mlangoni, akapiga vigelegele. Alipiga peke yake kwa muda. Katibu aliacha kalamu akamwitikia, kisha wajumbe wengine, Bw. Ezekia akiwa wa mwisho. Anjela alitoka na sinia la soda.

Mzee Gwakisa alivaa kofia yake, akasema, "Kumbe!" Wageni waliingia ndani. Posa ilisemwa na kupokelewa.

Dereva wa bajaji, aliyekuwa akisubiri nje na soda yake, alipigiwa simu na mwenzake. Katibu alimsikia akisema: "Nipo Bustanini huku. Wewe panda tu, ukifika pale harusini kata kushoto."

Mwenyekiti aliagiza neno hilo lipelekwe kwa fundi wa bango kabla rangi haijakauka. Bw. Ezekia alirudishiwa bendera yake.

Wajumbe walitawanyika saa moja jioni, baada ya kula.

Liberatus, Mwenyekiti: (sahihi)
Waridi Matano, Katibu: (sahihi)
Imesainiwa Harusini, Mtaa wa Bustanini.