Nikifumba Macho Naliona Ziwa

Mpendwa mshauri Bibi Marta, naomba msaada wako na usinicheke, maana jambo hili hata mume wangu Anangisye sijamwambia, yeye tangu biashara ya kuvuka mpaka ifunguliwe yuko Karonga na vitenge vyake, nami niko Ipyana na watoto wawili, na tangu tulipomzika kitinda mimba wetu Aliko kwa malaria kuna picha hunijia hata mchana kweupe, nikipepeta mpunga au nikianika kokoa, najiona nimekufa, nimo ziwani, maji yamenifunika, kimya kabisa, na picha hiyo inanivuta kama usingizi.

Muuguzi wa kliniki aliona machozi yangu akanipeleka kwa Daktari Hezroni, ambaye amesomea ng'ambo tiba ya macho kufuata vidole, akaniambia, "Sikulazi usingizi wala sikufungi akili, mama. Ishike ile picha, na macho yafuate vidole vyangu," akavipeleka kushoto na kulia, kushoto na kulia, mpaka maji yakaanza kusogea mbali, yakapauka kama kitenge kilichofuliwa sana, halafu ukingoni nikamwona binti yangu Mercy kakunja uso, ananiita, "Mama, unakwenda wapi?" nikalia mpaka kanga ikalowa.

Daktari alitaka nirudi, lakini mama mkwe kasema, "Mwanangu, anayekuchezea vidole machoni anakuchukulia nyota," nami nikaacha, na sasa picha imerudi na rangi zake zote, na juzi nilijikuta nimesimama kwenye njia ya ziwani, sikumbuki nilitokaje nyumbani. Je, nimtii mkwe au nirudi? Ndaga fijo, asante sana.

Mama Mercy, Ipyana

*

Mama Mercy, pole sana, mama. Barua yako haikungoja zamu. Kwa kuwa kwenye bahasha uliandika anwani ya usharika wako, siku ileile nilimwomba mchungaji aje kwako, na nimefurahi kusikia kwamba mama mkwe mwenyewe ndiye aliyekusindikiza hospitali, akavikodolea macho vile vidole mwanzo hadi mwisho, kisha akamwambia daktari, "Haya, endelea." Jibu hili nalichapa kwa ruhusa yako, maana wenye picha kama yako ni wengi, nao wamenyamaza.

Sasa nikugombeze. Umesimama njia ya ziwani, halafu unakwenda kutafuta kalamu umwandikie mtu wa gazetini! Ungemshika jirani mkono kwanza.

Hakuna aliyechukua nyota yako. Daktari alinieleza hivi: akili ikishika picha huku macho yakifanya kazi, nguvu hugawanyika, na picha hupungua ukali. Haiishi kwa siku moja, kwa hiyo usikatishe tena hata ukijiona umepona. Na picha hiyo ni mwongo. Inakuonyesha utulivu, inamficha Mercy.

Anangisye arudi. Mpelekee neno leo kwa wanaovuka mpaka, aambiwe wazi kwamba mkewe anaumwa. Hadi afike, usilale peke yako wala usiende ziwani peke yako, hata kufua. Picha ikija, mwambie aliye karibu, "Imekuja," naye asikuache mpaka mfike hospitali.

Na Aliko mlilie, mama. Mlilie kwa sauti, majirani wasikie, waje wakae nawe. Mtoto huyo anahitaji mama aliye hai wa kumkumbuka.