Teleksi kwa Anna Kwanza

Mjukuu wangu Neema,

Hapa mjini Adelphi tu wazima. Mama yako kapata zamu ya mchana. Unauliza kama kodi ya chumba itafika Ujerumani kutoka benki yako ya Ubelgiji. Itafika, kwa ada ile ile ya kutuma humo humo Ubelgiji, ukiandika IBAN, yaani namba ya kimataifa ya akaunti ya mwenye nyumba, na BIC, alama ya utambulisho ya benki yake. Tarakimu mbili za mwanzo za IBAN, baada ya herufi za nchi, ni za ukaguzi: ukikosea namba, mashine inakataa.

Nilipokuwa karani wa benki Moshi, teleksi za fedha, yaani maagizo ya malipo yaliyoletwa kwa waya, nilizikagua mimi, kwa penseli. Siku moja meneja akafoka, “Lipa, mteja anangoja!” Hesabu yangu haikulingana na namba ya ukaguzi iliyokuwa kwenye teleksi, sikulipa. Kumbe sifuri moja ilizidi. Tangu hapo agizo lake likawa, “Teleksi kwa Anna kwanza.”

Leo mashine inafanya kazi yangu Ulaya nzima. Wewe soma namba mara mbili hata hivyo. Mjukuu wa Anna hangoji kusahihishwa na mashine.

Bibi yako