Sahani ya Maharage ya Mbegu

Mama yangu uliyenipokea,

Huko uliko hakuna mtu wa kukupelekea bahasha, na mimi sina mwingine wa kumwambia, kwa hiyo nakuandikia hapa mbele ya watu, atakayesoma na asome. Nimekula mahali nilipopaswa kulisha. Nimekula maharage ya mbegu ya mama mmoja aliyeshuka kutoka milimani, upande wa Minembwe, na watoto wake, nikamaliza sahani, nikasema aksanti. 

Unakumbuka tulivyofika hapa mjini Baraka? Mama mzazi alikuwa mbele, mimi nyuma na sufuria kichwani, sufuria tupu, kwa sababu katika kukimbia kijijini ndiyo tu niliyoiona. Tulikaa chini kwenye baraza la watu tusiowajua. Ukaja wewe, kikwembe chako kimefunika kichwa kama wanavyofunika wanawake wa Kiislamu wa huku ziwani, ukauliza kwa sauti ya kugombana: "Bageni ba leo beko wapi?" Hukuuliza sisi ni watu wa nani, wala tunasali wapi. Ulitupeleka kwenye chumba cha nyuma ya nyumba yako, ukatupikia ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, kwa mafuta ya mawese. Mimi nilikula bila aibu. Mama mzazi alikula huku machozi yanashuka, na wewe ukajifanya huoni.

Asubuhi ulirudi na makaa ya moto juu ya kigae, bakuli la unga, na fungu la sombe, majani ya muhogo. Ukapanga mafiga mbele ya mlango wetu, ukawasha.

"Moto yenu ni hii," ulimwambia mama. "Saa ya kukula mi nakuya. Utanipikia."

Alidhani unamtania. Lakini ulikuja kweli, ukanawa mikono, ukakaa chini kwenye mkeka na kula kama mtu aliyetoka shambani. Ukaomba uongezewe! Ukamwambia bugali yake inashinda yako kwa nguvu. Mama akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo upande wa kushoto, ndivyo tulivyokuwa tumekaa siku nyingi bila kicheko.

Baadaye nilipokua na kuingia katika chama chako cha wanawake wanaopokea wageni, ulinieleza kwa maneno machache. Mtu anayelishwa tu, ulisema, anainamisha kichwa. Akikupikia, anakuangalia usoni. Hicho ndicho kilikuwa chama chetu, Mama. Hakikuwa na kibao mlangoni wala gari. Kila mwanamke alitoa mkono mmoja wa unga kabla hajasonga wake. Kila mavuno tulitenga mbegu ya maharage, yale yetu ya madoadoa, ukayachanganya na majivu na kuyaweka kwenye mtungi chini ya kitanda chako. Familia mpya ilipata moto, unga, kipande cha shamba la kuazima na mbegu, nayo ikivuna inarudisha mbegu kwa ajili ya watakaokuja. Na wewe lazima ule kwao. Mashirika ya misaada yenye magari yalikuja, mengine yalisaidia vizuri tu, halafu yakaondoka. Ulikuwa ukiliangalia vumbi lao, unasema, "Bale banapita. Siye tuko hapa."

Sasa sikiliza tulipo.

Mashamba ya upande wa milimani hayafikiki tena. Anayekwenda anaaga kana kwamba hatarudi, na wengine kweli hawarudi. Mitumbwi ya chakula kutoka Kazimia inakuja siku ikitaka. Kila nyumba ya chama imeshapokea watu, na wenye nyumba wenyewe wanakula mara moja kwa siku. Nikipita kwa ajili ya mkono wa unga, wanawake wanatoka nje kunisalimia mlangoni, wanaufunga nyuma yao ili nisione vyungu vyao. Mimi pia nimeanza kuufunga wangu. Uliposhika mkono wangu siku zako za mwisho uliniambia nisiache moto uzimike. Moto bado ninao. Sina cha kuweka juu yake.

Mama Furaha alifika hivyo, Mama, katika hali hiyo. Ni mwanamke mrefu, mpole, mumewe alibaki njiani na hasemi alibakije. Nilimpa kile chumba chetu cha nyuma. Nilimpelekea makaa juu ya kigae, nikampa mbegu iliyokuwa imebaki mtungini, yote, nikamwonyesha shamba. Unga nilisema utakuja. Nilikuwa nadanganya, na nadhani alijua. Watoto wake walikuwa wanakula majani ya viazi wanayoomba kwa majirani.

Kwenda kula kwake niliahirisha. Ningekulaje kwa mtu ambaye sikumpa cha kupika? Nilipita njia ya nyuma kama mwizi ili tusikutane. Nilijiambia nikipata unga tu, hata wa bakuli moja, nitaupeleka asubuhi na kurudi mchana, kama ulivyofanya wewe.

Juma lilikuwa linaisha alipomtuma Furaha, binti yake mkubwa. Mtoto alisimama mlangoni kwangu, uso umeoshwa, amepakwa mafuta. "Mama anasema kuya kukula."

Nilifurahi, Mama, utanisamehe. Nilidhani kuna mtu amewasaidia. Nilinawa, nikakaa kwenye mkeka palepale ulipokuwa ukikaa wewe. Akaniwekea sahani, akaifunua, imejaa, inatoa mvuke. Maharage ya madoadoa.

Niliyatambua kama mtu anavyotambua nguo yake mwilini mwa mwingine. Sokoni hayapo kwa sasa. Nilimwangalia. Watoto walikuwa wamekaa ukutani, mikono mapajani, hakuna aliyewekewa.

"Mama Furaha, ulipika mbegu?"

"Nilipika," alisema. "Bajirani baliniambia, mama wa chama anakulaka kwanza. Kama hakukula kwako, haukupokelewa bado." Akanyoosha ukingo wa mkeka. "Nilikuwa naona unapita kule nyuma. Nikasema, huyu mama hatutaki. Na sina fasi ingine ya kwenda."

Ningefanya nini? Niambie wewe uliyejua kila kitu. Ningekataa, angeelewa kwamba nimewafukuza. Ningegawa sahani kwa watoto, angeelewa hivyohivyo, maana alikuwa ananiangalia mdomoni. Nilikula. Yalikuwa yameiva vizuri, na chumvi alikuwa ameipata sijui kwa nani. Nilikula mpaka nikaona chini ya sahani, na kila nilipomeza alikuwa anapumua. Nilipomaliza alicheka kidogo, akiwa ameziba mdomo kwa mkono, na Furaha akacheka pia kwa kumwona mama yake. Ndipo watoto wakapewa yaliyobaki kwenye sufuria.

Wamepokelewa, Mama. Sasa wananisalimia kwa sauti kutoka mbali.

Nimezunguka kutafuta mbegu nyingine. Nimefika hadi Lweba, kwa wanawake wale uliowafundisha. Mitungi yao ni mitupu, na mmoja aliniuliza kwa upole kama si mimi niliyekuwa nawaletea mbegu. Nimekaa barabarani nikalia bila kujificha, mtu mzima mimi. Nimekuchukia pia, nikuambie ukweli. Nimekuchukia kwa kutuachia desturi nzuri kiasi hiki, inayotaka watu wenye unga.

Bado wanashuka. Jana wameingia wengine, wako kwenye baraza lilelile, na wanawake wa chama wananiangalia mimi. Nina makaa na kigae. Najua nikiwawashia moto watatafuta cha kunipikia, na ninaogopa watakachopata.

Mama Furaha amelima lile shamba lote. Amelima peke yake na binti yake, mistari imenyooka, hakuna jani lililobaki. Kila asubuhi ananiuliza tutapanda lini, akidhani mtungi wangu bado una mbegu, nami namjibu, ngoja mvua.

Mvua imeanza usiku wa kuamkia leo. Ni ile nzuri, ya polepole, uliyokuwa ukisimama mlangoni kuitazama na kusema tupande. Amekwisha kushika jembe, yuko nje, ananiita.

Pumzika, Mama. Mmoja wetu apumzike.

Mimi mwanao uliyekula kwake.