Mjomba Alivyochomoa Waya

Jumanne usiku, Septemba 1999

Hata ugali haukushuka, kwa hasira.

Kompyuta yetu ya mtumba imekuwa nzito mno. Ukifungua barua moja, chai inachemka mpaka inapoa. Leo dukani, tunakochapa barua na kadi, hakukuwa na wateja, nikaiacha ipange diski yake, ikusanye vipande vya kazi zetu vilivyotawanyika, ili iwe nyepesi. Kwenye kioo viboksi vya rangi vikawa vinahama kimoja kimoja, tangu asubuhi. Ilibaki kidogo tu!

Akaingia mjomba, mwenye duka, ametoka safari ya kijijini Unyambwa. Nikasimama. "Shikamoo mjomba." Hakuitikia. Alishaviona vile viboksi.

"Kumbe ndiyo maana kazi haziendi. Michezo!"

"Mjomba, siyo mchezo, ina..."

"Unanijibu?"

Akachomoa waya ukutani. Na mimi nikamwomba samahani. Mimi!

Nilipoiwasha tena, baadhi ya kazi zikagoma kufunguka, zimeharibika kwa kukatishwa katikati ya kupangwa. Mojawapo ni kadi za harusi ya binti yake, nilizozihangaikia wiki nzima.

Kesho mjomba anakuja kuzichukua. Nitamwamkia kwa adabu zote, nimpishe kiti changu mbele ya kompyuta. Sasa acheze yeye.