Makanisa Mawili ya Wanangu

Jumapili, 9 Machi

Mpumbavu wewe, kitinda mimba wangu. Nakusema humu daftarini kwa sababu leo umenikimbia. Kaka yako aliwatoroka watu wa misheni maana walimkataza ngoma na kuombea wagonjwa, akafungua kanisa lake. Sawa, nikamfuata. Sasa na wewe umeoteshwa kanisa lako, tena ng'ambo ya barabara. Ota tu. Lakini kutumwagia chupa zilizovunjwa mlangoni, sisi tuko ndani tunaomba? Unajua viatu tunaacha nje. Watu wako wakapiga bati kwa mawe, tukatoka mbio peku — juu ya chupa. Kanzu nyeupe zote damu. Mke wa kaka yako unyayo umepasuka, nyama imeachama.

Jumatatu, 10 Machi

Watu wa mkubwa wamelipiza. Wameezua kanisa la mdogo, wamempiga mpiga ngoma wake mpaka kutema meno. Mkubwa karudi anatweta: "Mama, Bwana ametupigania." Nikamwambia Bwana hakuwa na rungu, rungu nimeliona kwako.

Jumatano, 12 Machi

Mguu wa mkwe umevimba hadi gotini. Unanuka. Mkubwa anaumwagia maji ya maombi. Hospitali hataki kuisikia — yeye ndiye aliyewakataza waumini dawa, leo watamwonaje? Mkwe kanishika mkono: "Mama, nisife kwa kumwogopea mtu aibu." Nimemchapa mwanangu kwa mwiko. Mchungaji mzima, na ndevu zake. Hakusogea.

Alhamisi, 13 Machi

Mkwe anaweweseka, anamwita marehemu mama yake. Mdogo kaja na mkokoteni, anasema anampeleka shemeji yake hospitali, wapende wasipende. Mkubwa kasimama mlangoni na panga.

"Vuka hapa nikukate."

"Nikate basi, Baba Mchungaji. Si ndiyo huduma yako?" Na jiwe mkononi.

Mkubwa kampiga kwa ubapa, sikio linavuja damu. Jiwe likamkosa mkubwa, likavunja mtungi wa maji ya maombi. Ziwa langu hilohilo walinyonya wote wawili.

Nimekaa kizingitini, daftari magotini. Nione nani ataniruka. Wamesimama, wanatazamana juu ya kichwa changu, na mkwe kanyamaza huko ndani.

Nawaambia, na nayaandika nilivyoyasema: wewe mkubwa, tupa panga, shika miguu. Wewe mdogo, shika mabega. Mpakieni mkokotenini, msukume wote wawili, mmoja asimwachie mwenzake. Mkishamfikisha kwa daktari, rudini mchinjane.